Jina Moja kwa Nguruwe Wanane

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo. Sikilizeni vizuri, maana kabla hamjaondoka nitawadai uamuzi.

Huko Rungwe, kwenye migomba na baridi, waliishi dada watatu. Subilaga, mkubwa, alikuwa na jicho: akimtazama mnyama, alijua anakosa nini. Tumpale, wa katikati, alikuwa na moyo mgumu: akisema anakwenda, hakuna wa kumrudisha. Atuganile, mdogo wao, alikuwa na mkono wa kipimo: alichochanganya hakikuzidi wala kupungua.

Baba yao alifariki akaacha banda moja na nguruwe wanane, kila mmoja wa kilo thelathini hivi. Mama yao hakuwa na tegemeo lingine. Hata matanga hayajaisha, baba yao mdogo, Asangalwisye, akasimama mbele ya ukoo.

"Banda nalichukua mimi," akasema. "Tangu lini wasichana wakalisha nguruwe wakanenepa? Nendeni mkawatazame walivyokonda!"

Kweli walikuwa wamekonda. Lakini Subilaga akainuka kwenye mkeka.

"Baba mdogo, banda hulipati. Tupeni miezi mitatu. Kila nguruwe akifika kilo themanini, banda ni letu. Akipungukiwa hata mmoja, lichukue."

Mzee Mwakifuna, mkuu wa ukoo, akawatazama wote wawili. "Nimesikia," akasema. "Miezi mitatu."

Asubuhi yake Subilaga aliingia bandani akakaa humo mpaka jua likawa kali. Alipapasa migongo, akachungulia vinyesi, akaona ukuta umegugunwa na mikia ina vidonda vya kung'atana. Akatoka amejaa matope. "Hawana ugonjwa," akawaambia wadogo zake. "Matumbo makubwa, migongo kama upanga. Wanashiba pumba na maganda ya ndizi, lakini hakuna cha kujenga mwili. Wanataka samaki na soya. Na huu ukuta wanaula kwa sababu wanatafuta chokaa na chumvi." Daktari wa mifugo wa kata alikuwa ameshawapa dawa ya minyoo mara mbili bila nafuu. Jicho la Subilaga ndilo lililoona njaa ndani ya shibe.

Kujua ni jambo moja, kupata ni jingine. Asangalwisye alipopata habari, alinunua soya yote ya pale kijijini, akawaambia wenye pikipiki wasiwabebee hao mabinti hata gunia moja. Tumpale akacheka. "Miguu yangu hajainunua." Akajitwisha mikungu ya ndizi, akateremka kwa miguu mpaka Ziwa Nyasa, akaibadilisha kwa usipa mkavu, dagaa wa ziwa hilo, uliovunjikavunjika, ule ambao wachuuzi huutenga. Njiani akapata soya kwa mama mmoja, akailipia kwa kumlimia shamba siku mbili. Alirudi kila baada ya wiki mbili, shingo imekakamaa, nyayo zimepasuka. Safari ya tatu alikuta baba mdogo amesimama njiani.

"Utakufa bure, mwanangu."

"Nipishe, baba mdogo. Nguruwe wangu hawajala."

Basi vyakula vikafika, lakini chakula kizuri kikichanganywa vibaya nacho ni hasara. Subilaga na Tumpale walitaka kuwamwagia nguruwe usipa na soya vihori vijae. Atuganile akasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Hapana! Soya mbichi itawaharisha." Akaikaanga kwanza, akaitwanga. Akapima makopo saba ya pumba, mawili ya soya, moja la usipa, chokaa ya mifugo kidogo na chumvi kidogo. Siku tano za mwanzo alikichanganya na chakula cha zamani ili matumbo yazoee. Nguruwe walipokua alipunguza soya, akaongeza mahindi. Wiki tatu za mwisho akaondoa usipa kabisa, nyama isije ikanuka samaki. Dada zake wakamgombeza kwamba anawarudisha nyuma. Hakubadilisha hata kopo moja.

Siku ya kupima, ukoo wote ulikusanyika kwenye mizani ya kahawa. Themanini na nne. Themanini na sita. Themanini na mbili. Watu walianza kushangilia. Nguruwe wa nane, mdogo kuliko wote, alipopandishwa, mama yao alifumba macho. Themanini na moja!

Asangalwisye akatabasamu. "Sawa, mmeshinda. Ila mnajua sheria ya ukoo: banda moja, jina moja. Aliyeandikwa ndiye mwenyewe, na anaweza kuwafukuza wengine kesho. Haya, semeni ni nani."

Alitaka wagombane, na karibu afanikiwe.

"Bila mimi mngekuwa bado mnawanywesha dawa," akasema Subilaga.

"Bila mimi ungewalisha nini, macho yako?" akajibu Tumpale.

"Na bila mimi," akasema Atuganile, "wangekuwa wameshakufa kwa kuhara, vyakula vyenu vimejaa vihori."

Kisha Subilaga akaona jinsi baba mdogo anavyowatazama. Akawashika wadogo zake mikono. "Baba mdogo, jina litaandikwa leo, na yeyote atakayeandikwa, sisi wengine hatutoki hapa. Ila hutalichagua wewe. Tunamwachia Mzee Mwakifuna."

Mzee Mwakifuna akafungua kitabu cha ukoo. Akamtazama mwenye jicho, akamtazama mwenye nyayo zilizopasuka, akamtazama mwenye kopo. Kalamu ikabaki hewani, na mpaka leo wanaosimulia kisa hiki hawakubaliani aliandika nini.

Basi msiniulize mimi. Kalamu nawapa ninyi. Mngemwandika nani, na hao wawili mngewaambia nini?