Tunu Aliyenywea Mlangoni

Msimcheke nondo yule anayepepea mbele ya ua asitue. Ana sababu yake, na inaniuma kila nikiisimulia.

Zamani nondo wote walikuwa na ndimi fupi. Walipiga hodi, wakaingia ndani ya ua, wakaketi na kunywa utamu wake. Aliyekaribishwa akakataa kuingia alionekana ana kiburi.

Basi alikuwako nondo mmoja, Tunu, mwenye mayai tumboni. Siku ya kuyataga ilikuwa imefika, lakini bila utamu wa maua asingepata nguvu ya kufika shamba la viazi vitamu, ambako watoto wake wangekula majani. Ukame ulikuwa umebakiza ua moja tu, jeupe, lenye koo refu kama tarumbeta. Jana yake dada yake, Saada, alikwenda kunywa hapo. Hakurudi.

Jua lilipozama, Tunu akafika. "Hodi!"

"Karibu, mwanangu, pita ndani ukae," sauti ikaitika kutoka ndani ya ua.

Akakanyaga ukingo wa ua. Ndipo akaona, chini kwenye majani, ubawa mmoja wa Saada. Kabla hajageuka, buibui mweupe kama ua lenyewe akachomoka, akamkumbatia kiunoni kwa miguu yake. Tunu akapiga mabawa, akajivuta, akajivuta tena, hadi akaponyoka. Kiuno chote kilibaki na michirizi myekundu.

Angeweza kukimbia. Lakini mayai je? Akarudi, akabaki akipepea mbali kidogo na ua.

"Mbona waogopa? Ingia," alisema buibui.

"Shikamoo, babu. Leo sikai, nina haraka. Nitanywea hapahapa mlangoni."

Akaning'inia hewani, akanyoosha ulimi. Haukufika. Buibui naye akanyoosha mguu, ukabaki upana wa kidole kati yao. Tunu akauvuta ulimi mpaka machozi yakamtoka, ukarefuka, ukarefuka kupita mwili wake, ukagusa utamu. Akanywa bila kuuondolea macho mguu ule.

Akafika shambani, akataga yai mojamoja chini ya majani. Kila mtoto atakayetoka akiwa kiwavi akampa pembe mkiani, maana asingekuwapo kumlinda kwa nyuma.

Na tangu siku hiyo nondo wa uzao huu ana ulimi mrefu na michirizi myekundu kiunoni, na hunywa akipepea, nje ya ua. Ukisikia mtu anasema hana adabu, mwambie Saada alikuwa na adabu, aliingia.