Chupa Tupu za Ng'ambo ya Reli

Fuata chupa, usifuate umati. Jana mlimsikia yule mama wa mashine ya kusaga unga akimwambia Mwadime hivyo, mkacheka njia nzima, kisha mkaja kuniuliza chupa gani tena. Basi kaeni niwaambie. Wazee wa kale hawakuujua msemo huu. Ulizaliwa papa hapa Voi, mlango wa pili kutoka kwetu, na mimi niliuona ukizaliwa. Chanzo chake ni hiki.

Tulikuwa na jirani aitwaye Wakesho. Mumewe, Mwandoe, alikuwa bawabu Mombasa, kwenye nyumba ya tajiri mmoja. Alikuja kila mwisho wa mwezi, akashinda na kulala, kesho yake akarudi. Mtoto wao, Mkawasi, akimwona mlangoni alijificha nyuma ya kanga ya mama yake. Akilazimishwa kutoka, alimwamkia baba yake kama anavyomwamkia mwalimu mkuu, macho chini na mikono nyuma. Wakesho aliniambia, "Mama Mwadime, njaa naijua na matusi nayajua, lakini hili la mtoto kumwogopa baba yake linanimaliza."

Hapo mbele ya nyumba yake Wakesho alikuwa na mashine ya maziwa. Nyinyi mmekua nayo, mnaiona kitu cha kawaida, lakini wakati ule ilikuwa ajabu. Ni tangi la chuma linalopoza maziwa. Unataja pesa yako, anabonyeza, na bomba linakumiminia kiasi cha pesa hiyo. Hata ukiwa na shilingi kumi utapata ya kutia rangi kwenye chai. Maziwa yalishuka na pikapu alfajiri kutoka milimani, yakiwa yamekwisha kuchemshwa. Sisi tulikuja na chupa zetu, majagi yetu, na birika kwa aliyeamka amechelewa.

Mashine ile ilimlipa vizuri. Alilisha nyumba, akalipa karo, na bado kitu kidogo kikabaki. Nataka mnisikilize hapa, wanangu. Pesa iliyobaki ina kelele. Ya unga na ya karo imenyamaza, inajua inakokwenda. Ile ya ziada haitulii, inakuita usingizini, na kila mtu anayepita anaisikia. Wakesho hakuila. Hakununua kochi wala televisheni, ingawa wanawake wa chama chetu cha kuchangiana walimsema kwamba anakaa kwenye viti vya plastiki kama yuko matangani. Alisema, "Nanunua mashine ya pili. Ya kwanza nitakaa mimi, ya pili atakaa Mwandoe. Siku itakapoanza kuuza, mume wangu ataacha kulinda mlango wa watu aje alinde wa kwake."

Kweli, siku ikafika mashine ikaja, inang'aa kama sufuria ya harusi. Swali likawa itawekwa wapi.

Hapo ndipo alipotokea Mzee Kisombe, mwenye vibanda pale steji, kwenye barabara kuu, mabasi yanaposimama. Mtu mcheshi, mwenye sauti ya kuuza hata mawe. Alimwambia, "Mama Mkawasi, huko ndani mtaani unauzia kuta. Penye watu ndipo penye pesa! Njoo uone, basi likisimama watu wanamwagika kama mahindi kwenye gunia lililopasuka. Wewe wakinge tu."

Wakesho akaenda, akaona. Watu kweli walikuwa wengi. Hata mimi nilimwambia, "Mungu akupe nini tena?" Akalipa kodi ya kibanda, akavuta umeme, akaiweka mashine ya pili pale. Akaajiri binti wa kuiangalia kwa muda, mpaka Mwandoe arudi. Lakini pikapu ya milimani haikuwa na maziwa ya kuongeza. Basi yale yale ya mwanzo akayagawa, nusu mtaani, nusu steji.

Siku ya kwanza walijaa kuitazama. Mmoja akauliza, "Hii inatoa nini?" Akajibiwa, "Maziwa." Akasema, "Nami nikinge kwa nini, mama? Kwa kofia?" Wenzake wakaangua kicheko. Wakesho akanunua glasi. Mwingine akaitazama glasi, akatikisa kichwa. "Maziwa, na mimi naenda Mombasa? Unataka dereva anishushe Mariakani nikimbilie vichakani?" Basi zima likacheka, likaondoka. Likaja jingine, nalo likacheka likaondoka.

Jioni maziwa yalirudi karibu yote. Akayagandisha, akatugawia. Mwadime, wewe ulikunywa maziwa lala mpaka ukaomba chai ya rangi kwa machozi. Tulicheka, lakini mwenzetu alikuwa anakonda. Kila wiki mashine ya steji ilikula kodi na mshahara wa binti, na ile ya nyumbani ikawa inamlisha mdogo wake mvivu.

Mwandoe alipiga simu. Ilibidi amwarifu tajiri wake mapema ili atafutwe bawabu mwingine, na akishasema hakuna kurudi nyuma. Akauliza, "Niseme au nisiseme?"

Wakesho akajibu, "Ngoja kidogo."

Wiki iliyofuata akauliza tena, na jibu likawa lile lile. Mara ya tatu Mwandoe hakuuliza. Aliuliza habari za mtoto tu, na hilo ndilo lililomliza Wakesho.

Mzee Kisombe naye alikuwa anatazama. Akamjia kwa upole. "Mama Mkawasi, usijitese. Niuzie mimi hiyo mashine, nitatia juisi. Juisi watakunywa." Akataja bei. Ilikuwa bei ya kuokota kitu njiani. Wakesho akasema, "Nipe mpaka Ijumaa." Tulijua sote kwamba ikiuzwa kwa bei hiyo, Mwandoe atazeeka kwenye lango la watu.

Asubuhi ya Jumatano nilikuwa kwenye foleni na jagi langu, kwenye ile mashine ya nyumbani. Kabla jua halijapanda, bomba likakohoa, likakauka. Mbele yangu alikuwa Mama Mghoi, mwanamke wa ng'ambo ya reli, mrefu, hana subira. Akapandisha sauti.

"Wakesho, haya ni mambo gani? Nimetoka ng'ambo, nimesimama nikingoja garimoshi la mizigo lipite, lile refu lisilo na mkia, nafika hapa naambiwa yameisha! Jana hivyo, juzi hivyo. Maziwa yetu yanakwenda wapi?"

"Mengine yako steji, dada."

"Steji!" Mama Mghoi akatugeukia sisi wa nyuma. "Jamani, nani anapika chai steji?"

Tulicheka. Wakesho hakucheka. Alisimama kama mtu aliyeitwa jina lake kutoka mbali. Mama Mghoi akatia chupa yake kwapani, akaondoka akinung'unika. Wakesho akafungua aproni, akanitupia.

"Mama Mwadime, niangalizie mashine."

"Unakwenda wapi?"

"Namfuata huyu."

"Kwa neno dogo hili? Achana naye, ndivyo alivyo!"

"Siendi kugombana. Nataka kuona chupa ile inakaa wapi."

Akamfuata. Yaliyotokea huko alinisimulia mwenyewe, na tangu siku hiyo sijasikia akiyabadilisha.

Hawakuwa wamefika relini walipokutana na mwanamke mwingine anakuja, chupa mkononi. Akauliza, "Yapo?" Mama Mghoi hakujibu kwa mdomo. Aliipindua chupa yake, mdomo chini, halikudondoka tone. Yule mwanamke akageuka. Mbele kidogo akaja mtoto wa shule na chupa, nyuma yake mzee na thamosi. "Yapo?" Chupa ikapinduliwa. Wote wakageuka. Walipovuka reli lilikuwa kundi zima linarudi nyumbani na vyombo vitupu, na mwenye maziwa akiwa nyuma yao, haya imemshika, amejifunika uso kwa upande wa kanga.

Ng'ambo kulikuwa na nyumba mpya za kupangisha, safu baada ya safu. Sisi wa upande huu hatukuwa na habari nazo, maana nani huvuka reli bila sababu? Wakesho akatazama kulia na kushoto. Wenzake Mama Mghoi wameingia majumbani, mtu mwingine hakuna. Wakubwa wamekwenda kazini, barabarani ni kuku tu wanaparua. Kama angekuja kutafuta watu, angerudi pale pale. Lakini aliinua macho, akaona ua wa kwanza. Juu ya vijiti vya ua chupa zilikuwa zimepinduliwa zikauke. Ua wa pili chupa, wa tatu chupa na madumu madogo. Nyumba hadi nyumba, chupa zimeoshwa, zinangoja.

Mama Mghoi akageuka, akamwona. "Kumbe umenifuata! Umekuja kunipiga?"

"Nimekuja kukuomba radhi," Wakesho akasema. "Na kukuuliza. Hizi chupa zote ni za maziwa?"

"Ulidhani ni za pombe?"

Nisikilizeni tena hapa, hasa wewe Mwadime unayepiga miayo. Wakesho hakukimbia kuhamisha mashine siku ile. Aliwahi kukimbia mara moja, akaumia. Alhamisi alichukua fungu la steji, akalitia kwenye kopo kubwa lenye mfuniko, akalisukuma kwa mkokoteni mpaka ng'ambo. Halikufika hata nyumba za mwisho. Ijumaa akapeleka tena, na waliokosa jana walikuwa wamemngoja relini wenyewe.

Mchana wa Ijumaa akaenda steji kwa Mzee Kisombe. Mzee alikuwa ameshatengeneza kibao cha juisi.

"Umeniletea ufunguo?"

"Nimekuja kuhamisha mashine. Naipeleka ng'ambo ya reli."

Kisombe akashika kiuno. "Ng'ambo kuna nani? Unawaacha watu wote hawa, unakwenda kuwauzia kuku?"

"Mzee wangu, watu wako ni wengi lakini mikono yao mitupu. Aliyebeba chupa tupu ameniagiza maziwa kabla hatujaonana. Mimi nafuata chupa, sifuati umati."

Makondakta waliposikia hivyo waliupata mchezo. "Mama Chupa! Mama Chupa, fuata na hii!" wakimwonyesha chupa za soda. Wiki nzima steji ilikuwa wimbo huo: fuata chupa, usifuate umati, na kicheko nyuma yake. Ndiyo, wanangu, msemo huu ulianza kama kejeli.

Akachukua kile kidogo cha pesa kilichobaki, ambacho alikiweka kwa dharura tu, akalipa fundi wa umeme na mkokoteni mkubwa. Mimi sikulala vizuri siku hizo, na mashine si yangu. Nilimwambia, "Wakesho, hiki kikiisha?" Akanijibu, "Naogopa kama wewe. Ila safari hii naogopa nikiwa nimeona."

Mashine ilisimama ng'ambo, kando ya nyumba ya Mama Mghoi, ambaye alijifanya askari wa foleni na hakuna aliyethubutu kuruka zamu. Wiki ikapita, tangi linakauka kila siku. Sisi wa upande huu nasi, mashine ya nyumbani ikatutosha, maana wa ng'ambo walikuwa na yao. Pikapu ya milimani ilipoona mambo yanakwenda, ikatafuta wafugaji wengine, ikaongeza makopo.

Mwandoe akapiga simu, akauliza habari za mtoto. Wakesho akamjibu habari za mtoto.

"Sema," akamwambia.

"Niseme nini?"

"Mwambie tajiri wako. Sema."

Alirudi na begi moja na redio. Kesho yake akavaa aproni nyeupe, akavuka reli, akasimama nyuma ya bomba. Hakujua hata kubonyeza. Wakesho alimtuma Mkawasi na chupa, akamwambia apange foleni kama watu wengine, asipendelewe. Mtoto akapanga. Alipofika mbele aliutazama uso wa baba yake, kisha bomba, kisha uso tena. Hakurudisha mikono nyuma. Aliinyoosha chupa kwa mikono miwili.

"Baba, nijazie."

Mwandoe akabonyeza kupita kiasi, nusu ya maziwa ikamwagika chini. Mama Mghoi alimfokea mbele ya foleni nzima, na hayo ndiyo yakawa makaribisho yake nyumbani.

Mzee Kisombe mwenyewe ndiye aliyeutoa msemo kwenye kejeli. Mtu akija kutaka kibanda, humwuliza kwanza, "Umeiona chupa, au umeona watu tu?" Asiyeelewa humwambia avuke reli akaulize.

Sasa, Mwadime. Najua umeweka akiba kutokana na kazi ya kupaka rangi, nami namshukuru Mungu kwamba hukuinywa. Najua pia unataka kufungua kibanda cha kinyozi pale steji, eti kwa sababu watu wamejaa. Sikukatazi. Moyo wangu unadunda tu, ndiyo kazi ya moyo wa mama. Nakuomba, kabla hujalipa kodi, ukasimame pale siku nzima utazame.

"Lakini mama," naona unataka kuniuliza, "chupa za kinyozi ni zipi?"

Ni vichwa vyenye nywele ndefu vinavyorudi nyumbani bila kunyolewa, mwanangu. Ila usivihesabu vikiwa dirishani mwa basi. Viangalie vinakolala, uvifuate huko, hata kama njiani utakutana na kuku tu.

Fuata chupa, usifuate umati.