Siafu Waliokata Nyuzi za Buibui

Hapo zamani, wanangu, wanyama walipokuwa bado wakipikiana uji, Digidigi alimpelekea mkewe, Bi Mwanakombo, kibakuli cha uji wa mtama. Bi Mwanakombo akaonja, akasema mumewe bado hajui kupika, akacheka, akakohoa. Hilo ndilo jambo la kawaida la mwisho nyumbani mwao.

Tangu azaliwe, kifua cha mke huyo kilikuwa na ute mzito kama ulimbo. Humo waliishi Buibui, na kazi yao ilikuwa moja: kumfunga uzi kila mdudu aliyeingia. Siafu, walinzi wenye mataya makali, hawana macho. Walimjua adui kwa kuugusa uzi tu.

Siku hiyo akaingia Kiroboto. Buibui wakamfunga, lakini akazama kwenye ute. Digidigi aliweka sikio mgongoni kwa mkewe, akasikia jeshi la Siafu likiingia, tiki tiki tiki, maelfu kwa maelfu. Akafurahi. Akaomba waongezeke.

"Mbona mnapapasa, mashujaa?" Kiroboto aliita kutoka ndani ya ute. "Nipo hapa, kwenye nyuzi."

Kacha! Wakakata.

"Siyo huo, wajomba. Ule mwingine."

Kacha, kacha!

Buibui mmoja akawasihi: "Ndugu zetu, mkizikata hizi, kesho mtamjuaje adui?"

"Tuache," akasema Jemadari wa Siafu. "Tuko kazini."

Wakakata hadi uzi wa mwisho, uliokuwa kiunoni mwa Kiroboto mwenyewe. Akapita katikati yao polepole.

"Shikamooni, wajomba."

"Marahaba," wakamwitikia.

Akawaita ndugu zake wote. Siafu hawakujua kuacha. Wakaendelea kukata, sasa kuta zenyewe. Alasiri Bi Mwanakombo aliacha kukohoa.

Nasi wanadamu tuna buibui hao vifuani: ni protini zinazonasa vijidudu. Na mataya yale ni vimeng'enya vya askari wetu wenyewe, chembe nyeupe za damu. Kwa aliyezaliwa na ute mzito, askari huja wengi mno, na vimeng'enya huzila protini zilizomlinda.

Asubuhi yake Siafu walitoka kwa safu. Jemadari akampa Digidigi pole, akasema wamepigana hadi mwisho, kisha akauliza kama kuna nyumba nyingine yenye kikohozi. Ilikuwepo: ya Paa, ambaye bintiye mdogo alikuwa akikohoa.

Kila mnyama huwapisha siafu njia. Digidigi hakuwapisha. Alijilaza katikati ya njia ya kwenda kwa Paa, akafumba macho.

Mlinzi asiyemtambua adui huibomoa nyumba anayoilinda.