Kijicho Kilichorudi na Mwanga

Endeleeni kubandika utepe mweusi kwenye kona za sanduku, nitasimulia huku tukifanya kazi. Mmemsikia Mama Tunu akipita mlangoni na kusema, "Jicho lililoungua huona mwanga gizani," mkaniuliza kautoa wapi msemo huo. Methali hii ilianza hivi, juu ya meza hii hii, nami nilikuwapo.

Mnajua vijicho vya silikoni tunavyopima hapa. Kila kimoja ni kidogo kama punje ya mtama, lakini huhisi mwanga hafifu mno. Hufungwa ndani ya mitambo inayochunguza chembe ndogo kuliko atomu, penye mnururisho mkali, yaani miali isiyoonekana inayounguza, kwa miaka mingi. Mwaka ule tulipeleka vijicho ishirini vikapigwe mnururisho, tuone vitadumu vipi. Sote tuliamini kwamba kitakachoharibika kitapofuka.

Tunu Mshangama alikuwa na miezi mitatu kazini, bado akiwa katika kipindi cha majaribio ya kazi. Kazi yake ilikuwa kufunga sanduku mwanga usipenye. Desturi yetu ni kupima giza kwanza: sanduku hufungwa, taa huzimwa, na kijicho hutakiwa kunyamaza, kisihesabu mwanga ila kidogo sana. Kijicho cha kwanza kutoka kwenye mnururisho hakikunyamaza. Hesabu kwenye kompyuta ilikuwa mara mia ya ile ya kabla ya safari.

Nikamwambia sanduku lake linavuja. Akaongeza tabaka la pili la utepe, kisha la tatu, kisha akalifunika kwa blanketi alilotoa nyumbani kwao. Hesabu haikushuka. Mafundi wakamtania kwamba anafunga sanduku kama mtu anayefunga tenga la nyanya, nami nikacheka nao. Siku ya nne niliandika barua kwamba binti huyu hafai, aondolewe. Saa tatu asubuhi nikaiweka mezani kwa mkuu wa maabara.

Saa nne Tunu alikuja na kijicho kipya, ambacho hakikuwahi kutoka kwenye pakiti.

"Mzee Lukindo, naomba nikifunge hiki katika sanduku lilelile."

"Utapata yaleyale, binti."

"Basi niyapate mbele yako, mzee."

Alifunga kwa tabaka moja tu. Blanketi likabaki kitini. Tukazima taa, na hesabu ikawa ndogo. Nikashika waya nikidhani umechomoka. Haukuchomoka. Akarudisha kile kilichopigwa mnururisho, hesabu ikapaa. Akabadilisha hivyo mara tatu. Nikakaa kitini, juu ya blanketi lake.

Mnururisho haukukipofusha kijicho kile. Ulikijeruhi ndani, kikawa kinahesabu mwanga usiokuwapo.

"Kumbe sanduku halivuji," nilisema.

"Halikuvuja hata siku moja. Jicho lililoungua huona mwanga gizani, mzee."

Hakuwa akikitazama kijicho. Alikuwa akinitazama mimi, niliyeona tundu lisilokuwapo.

Nilikimbia kwa mkuu. Bahasha ya barua yangu ilikuwa imeshafunguliwa. Alinisikiliza hadi mwisho, akanirudishia barua. Ninayo mpaka leo. Mama Tunu ndiye mkuu wetu sasa, na hajawahi kuniuliza habari za barua ile.

Haya, wekeni mkasi. Vijicho sita vya awamu hii vimebaki, tutavipima kesho. Na hesabu ikipanda, mtu asimnyooshee mwenzake kidole kabla hajabadilisha kijicho. Jicho lililoungua huona mwanga gizani.