Swali la Digidigi Mbele ya Baraza

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi wanyama walipokuwa wakijenga nyumba, wakifunga milango kwa komeo na kwenda kazini kila asubuhi, kulikuwa na kinu kikubwa cha kukamua mafuta ya ufuta. Sogeeni karibu. Hadithi hii ina mambo ya kutetemesha, na nataka kila mmoja wenu aisikie vizuri.

Msimamizi wa kinu kile alikuwa Nyati. Jamani, Nyati yule! Kifua kipana, shingo nene, pembe zimejikunja kama zinatafuta ugomvi. Akisukuma mti wa kinu, kriii! kriii! kinu kizima kinazunguka na mafuta yanatiririka. Na kujisifu? Asubuhi anajisifu, mchana anajisifu, jioni anarudia yale yale ya asubuhi.

"Wa kuniangusha mimi hajazaliwa!" alikuwa akisema. "Na akizaliwa, atakufa kwa kuniona tu!"

Wafanyakazi wanacheka. Nani angethubutu kutocheka?

Miongoni mwao alikuwamo Digidigi. Umbo dogo, miguu myembamba kama vijiti, macho makubwa. Kazi yake ilikuwa kupepeta ufuta kabla haujaingia kinuni. Aliishi na mama yake, mjane, na kazi ile ndiyo iliyowasha jiko lao.

Siku moja mchana, wenzake walipokuwa wamekwenda kula, Nyati akaita, "Wee Digidigi! Hebu njoo ghalani unisaidie kupanga mitungi."

Digidigi akaweka ungo chini, akaenda. Alipoingia tu, nyuma yake akasikia, kwa! Komeo limeshuka.

"Bwana Nyati, mbona unafunga mlango?"

"Ili tuzungumze bila kelele. Sasa mbona unatetemeka? Mimi nakupenda. Ukinikubali, utakaa kivulini kutwa nzima. Hutashika ungo tena."

"Sitaki, bwana. Naomba unifungulie."

"Hutaki? Kinu hiki kinamsikiliza nani?"

Nyati akamsogelea. Akambana ukutani kwa bega lake, na pua yake ya moto ikaanza kumpapasa shingoni.

"Nimesema sitaki!"

Nyati hakuacha. Basi Digidigi akarusha teke kwa nguvu zake zote. Halikumpata Nyati, likapata mtungi. Paa! Mafuta, mwaaa, yakaenea sakafuni. Nyati akapiga hatua amkamate, kwato zikateleza huku na huku, na, puu! akaanguka kifudifudi.

Digidigi akamkanyaga mgongoni, akaruka, akapenya kwenye tundu la hewa lililokuwa juu ukutani.

"Ukithubutu kusema," Nyati akanguruma huko ndani, "nitakushtaki umenichafulia jina! Nani atakusadiki, kidudu wewe?"

Digidigi alikimbia hadi nyumbani bila kugeuka nyuma. Akamwambia mama yake kichwa kinamuuma. Kisha akachota maji, akajificha uani, akasugua shingo mpaka ngozi ikawaka moto. Moyo wake haukutulia. Kwa nini niliingia mle ndani? Kwa nini sikutambua mapema? Alijiuliza hivyo mpaka usingizi ukamkimbia.

Kesho yake aliporudi kinuni, alimkuta Nyati amesimama katikati ya wafanyakazi.

"Huyu nimemfukuza!" Nyati akatangaza. "Mvivu! Halafu anawarembulia macho wakubwa apate kazi nyepesi. Sitaki tabia hizo hapa."

Digidigi akamtazama Swala, rafiki yake waliyekaa naye kila siku wakipepeta. Swala akainamisha kichwa, lakini mdomo wake ulikuwa unatetemeka.

Digidigi akarudi nyumbani. Safari hii hakuweza kusingizia kichwa. Alimweleza mama yake yote, tangu kuitwa mpaka kuanguka.

Mama akashika kifua. "Uwii! Mwanangu! Nyamaza, usimwambie mtu. Nyati ana ndugu wengi. Wakija hapa, nyumba hii watailaza chini."

"Mama, nikinyamaza, kesho ataitwa nani akapange mitungi?"

Mama alilia kidogo, akafuta machozi, akachukua kanga yake ukutani.

"Haya, simama. Twende kwa Wakili Nguchiro. Yule hata nyoka hawamtishi."

Nguchiro alimsikiliza Digidigi bila kumkatiza. Hakumuuliza alikuwa amevaa nini wala kwa nini aliitika alipoitwa. Digidigi alipomaliza, alisema taratibu, "Kosa si lako. Hilo liweke moyoni kabla ya jingine lolote."

"Lakini sina shahidi, wakili. Tulikuwa wawili tu."

"Mara nyingi ndivyo inavyokuwa. Mtu wa namna hiyo hufunga mlango kwanza. Lakini neno lako nalo ni ushahidi, bibie, na hakimu ana wajibu wa kulipima."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Njia ziko. Unaweza kupeleka malalamiko kwa wazee wa kinu."

"Wazee wa kinu wanakula kwa Nyati!" mama akadakia.

"Basi kuna baraza la nchi, kwa Hakimu Kongoni. Ukiona haya kusema mbele za watu, utaomba usikilizwe faraghani, na mama yako akae ubavuni mwako. Ila usimwendee Nyati peke yako. Usikubali akutumie mtu wa kukubembeleza myamalize chinichini. Na ujue, Nyati naye ana haki zake. Ataelezwa anachoshtakiwa na atajitetea. Hakimu akimpa nafasi ya kusema, usikasirike."

"Atakana," Digidigi akasema. "Atasema hakuwepo."

"Akikana, kila upande una ruhusa ya kumhoji mwenzake. Mimi nitamhoji kwa niaba yako."

Masikio ya Digidigi yakasimama. Alikuwa anakumbuka jinsi Nyati anavyojisifu asubuhi, mchana na jioni.

"Wakili, naweza kumuuliza swali moja mimi mwenyewe?"

"Ruksa. Lakini nisikilize vizuri. Mle ndani usiseme uongo, hata ule mdogo kama chawa. Ukikamatwa na mmoja tu, ukweli wako wote utazama pamoja nao."

"Sitasema uongo."

Akamnong'oneza swali lake. Nguchiro akakodoa macho, kisha akaziba mdomo kicheko kisimtoke.

"Mtoto wewe!" akasema. "Haya, tuandike mashtaka."

Habari zilipomfikia Nyati, akafanya kama alivyotishia. Naye akapeleka mashtaka kwamba Digidigi amemchafulia jina. Usiku na mchana ndugu zake wakawa wanapita mbele ya nyumba ya akina Digidigi, du! du! du! wakikoroma. Vyungu vikatikisika. Mama akazuia mlango kwa kinu cha kutwangia, akakaa juu yake. Lakini hakumwambia tena mwanawe anyamaze.

Siku ya baraza ikafika. Wanyama walijaa mpaka wengine wakasimama nje. Hakimu Kongoni akaketi, uso mrefu, macho hayapepesi.

"Digidigi," akasema, "sheria inakuruhusu usikilizwe faraghani. Unataka niwatoe watu?"

Digidigi alitazama umati. Alitamani sana kusema ndiyo.

"Hapana, mheshimiwa. Yeye amenisema vibaya mbele za watu. Nami nitasema mbele za watu."

Akasimulia. Mara mbili tatu mama akampa maji, akaendelea. Aliposema habari ya pua shingoni, mmoja wa ndugu za Nyati akapiga kelele, "Muongo! Mtoeni!"

Kongoni akagonga kwato, ko! "Anayetaka kutolewa aseme tena."

Nyati akasimama kujitetea. Akainamisha kichwa kwa adabu, sauti laini kama mafuta yake.

"Mheshimiwa, mimi mzee mwenye familia. Siku hiyo sikukanyaga ghalani. Nilikuwa mtoni, nagaagaa kwenye matope yangu. Wala sijawahi kuwa ghalani na binti huyu, hata mara moja. Ana hasira kwa kuwa nimemfukuza kazi. Unionee huruma, jina langu linaharibika!"

Watu wakaanza kunong'ona. "Kweli, nani aliona?" "Hana shahidi." Ndugu za Nyati wakatabasamu.

"Upande wa Digidigi una swali?" Kongoni akauliza.

Nguchiro akamgusa Digidigi mgongoni. Digidigi akaenda mbele, akasimama chini ya kidevu cha Nyati. Kivuli cha Nyati kikammeza mzima.

"Bwana Nyati, unasema hukuwepo."

"Sikuwepo."

"Vyema. Basi tumseme huyo aliyekuwepo, maana si wewe. Huyo, mimi niliporusha teke, alianguka chini. Puu! Kifudifudi."

Mtu akacheka nyuma. Sikio la Nyati likatikisika.

"Mimi ni mdogo, mnaniona. Teke langu halikumgusa. Lakini alianguka. Je, huyo ni mnyama dhaifu mno? Miguu haina nguvu?"

Kicheko kikaongezeka. Nyati akameza mate. Pua zikapanuka.

"Au ni mwoga?" Digidigi akaendelea bila sauti kutikisika. "Kaona kwato changa hizi, roho ikamtoka, akalala chini? Nami nikamkanyaga mgongoni nikapita zangu. Sasa Bwana Nyati, wewe unajua nguvu kuliko sote hapa. Swali langu ni hili. Dume linaloangushwa na digidigi bila hata kuguswa, ni dume la namna gani?"

"Hahahaaa!" Baraza zima likalipuka. Fisi akajishika mbavu. Hata ndugu mmoja wa Nyati, kwa bahati mbaya yake, akacheka.

Nyati akageuka rangi. Akapiga kwato chini, vumbi likaruka.

"Nani ameangushwa?" akanguruma. "Nani mwoga? Niliteleza! Mtungi ulipasukia miguuni mwangu, mafuta yakamwagika! Hata tembo angeteleza! Kijitu kama hiki kiniangushe mimi?"

Kicheko kikakatika, kata!

Nyati mwenyewe alibaki mdomo wazi, kama anayetaka kuyavuta maneno yale yarudi ndani.

Kongoni akauliza polepole, "Uliteleza wapi, Nyati?"

"Mimi... ilikuwa siku nyingine, mheshimiwa."

"Umesema hujawahi kuwa ghalani naye hata mara moja. Nakupa nafasi ueleze. Baraza linakusikiliza."

Nyati akatazama ndugu zake. Ndugu zake wakatazama chini.

Ndipo, katikati ya umati, mtu akasimama. Alikuwa Swala. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Na mimi," akasema. "Mimi pia alinifungia komeo. Mimi sikupata tundu la kutokea mapema. Nisamehe, Digidigi. Nilijua, nikanyamaza."

Digidigi akamwendea, akaweka kichwa chake shingoni mwa Swala, wakasimama hivyo. Hakuna aliyewaharakisha.

Kongoni aliyapima maneno ya pande zote kabla ya kuhukumu. Akasema Digidigi amesema kweli, na mashtaka ya Nyati ya kuchafuliwa jina akayatupilia mbali. Nyati akavuliwa usimamizi, akafungwa, na akaamriwa akikipita kinu tena siku zijazo, akipite kwa mbali. Akaambiwa pia kwamba asiporidhika anaweza kukata rufaa. Hakukata. Digidigi akarudishiwa kazi yake kwa heshima, Swala akabaki na yake, na baraza likaamuru kinu kichague wanawake wawili wa kupokea malalamiko, ili mtu asilazimike tena kujificha uani peke yake.

Jioni ile mama alipika ugali na mlenda. Digidigi, ambaye tangu siku ile ya ghalani alikuwa akionja tu na kuacha, akala mpaka akalamba sahani.

"Niongeze, mama," akasema.

Mama akageukia jikoni haraka, asionekane analia.

Hapa ndipo ninapotua mzigo wangu, wanangu, mwenye kuuchukua auchukue, na funzo lake ni hili: ukitendewa ubaya sirini, aibu si yako, mwambie unayemwamini, mwende pamoja mkadai haki.