Swali Lililosukumwa Meza ya Nne

Kaeni, ndugu zangu, kaeni. Leo nina neno moja tu, na sishuki hapa mpaka liwaingie. Wenye ugali jikoni mnisamehe, chakula kikipoa kinapashwa moto.

Kulikuwa na kijana mmoja mwenye steshenari, karibu na stendi ya mji fulani. Alikuwa na kompyuta moja, printa moja, na kazi za mji mzima: kadi za harusi, mabango ya mikutano ya injili, ratiba za mazishi. Kazi aliiweza, hilo tumpe. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja. Hafungi kitu. Ninyi mnaotumia kompyuta mnajua kwamba kila kazi inafunguka kwenye dirisha lake pale kwenye kioo. Basi yeye akifungua kadi ya harusi, anaiacha wazi, juu yake anafungua bango, juu ya bango anafungua mpira. Madirisha yanalaliana mpaka la chini halionekani tena.

Siku moja akagundua kwamba kompyuta ile inaweza kumpa meza zaidi ya moja. Kioo ni kilekile, lakini ukibonyeza vitufe fulani madirisha yote yanaondoka machoni, unaletewa meza nyingine, safi, haina kitu. Yale ya kwanza hayajafungwa. Yako kulekule, wewe ndiye umehama.

Alifurahi huyo! Meza ya kwanza akaweka kazi za leo. Ya pili, kazi alizoahidi za Jumamosi, na Jumamosi yenyewe imeshapita. Ya tatu mpira. Na ya nne? Ya nne ilikuwa meza ya "baadaye". Kila kinachomsumbua anakisukuma meza ya nne, halafu anarudi ya kwanza anajiona mtu nadhifu kuliko wote pale stendi. Naona mnacheka. Chekeni tu, tutafika kwenu.

Asubuhi moja akaingia mama mjane. Mumewe anazikwa siku hiyohiyo alasiri, na wasifu wa marehemu haujaandikwa, kwa sababu ndugu walikuwa wanategeana. Mama wa watu akakaa kwenye kiti cha plastiki, akaanza kusimulia kwa mdomo, na mwenye duka akawa anaandika. Marehemu alizaliwa wapi. Alimchumbia vipi. Jinsi alivyokuwa akipiga mluzi akikaribia nyumbani, ili watoto wakimbilie kumfungulia. Hapo mama alilia. Akafuta machozi kwa ncha ya kitenge, akaendelea mpaka mwisho.

Akasema, "Mwanangu, nimemaliza. Sitaweza kuyasema tena haya."

"Pole sana, mama. Sasa hivi zinatoka."

Akabonyeza aprinti. Papo hapo kikatokea kidirisha kidogo chenye swali, na papo hapo simu ikaita, mteja wa kadi za harusi anagomba. Mwenzetu, simu begani, hata swali lenyewe hakulisoma. Akafanya kama alivyozoea. Meza ya nne! Akamtuliza mteja, akakata simu, akarudi kwenye kazi ya mama.

Akabonyeza. Kompyuta ikalia, ting! Printa kimya. Akabonyeza tena. Ting! Wasifu anauona pale kwenye kioo, lakini haugusiki, hausogei, hauprintiki. Akabonyeza kwa hasira kama anayeua kunguni. Ting, ting, ting! Nje, shemeji yake mama amechungulia kuuliza, maana waombolezaji wanamsubiri na safari ya makaburini ni ndefu. Jasho likamtoka yule bwana. Mnajua alifanya nini? Alifunga sauti. Ile ting ilikuwa inamkera, akainyamazisha!

Kimya kikatanda, lakini kazi haikusogea hata chembe. Akasema, "Mashine hii imenikataa. Naizima." Akanyoosha mkono kwenye swichi ya ukutani.

Yule mama akasimama. "Ukizima, maneno yangu yatabaki?"

Kijana akatazama chini. "Sijui, mama. Nadhani yatapotea."

"Basi huzimi. Na mimi siondoki. Wenzangu wakitaka watangulie." Akakivuta kile kiti karibu na meza, akakaa. "Kwanza niambie, ilikuwa inalilia nini?"

"Makelele tu, mama."

"Mtoto akilia unamziba mdomo? Rudisha sauti."

Akairudisha. Akabonyeza. Ting! Safari hii alitulia akasikiliza, na ndipo akakumbuka kuna swali alilolisukuma bila kulisoma. Akaanza na meza ya kwanza, akafunga dirisha moja baada ya jingine, ila la wasifu. Akaenda ya pili, akafunga. Ya tatu, mpira uko dakika za mwisho, akaufunga bila kuangalia matokeo. Akafika ya nne. Huko alikuta takataka za mwezi mzima, akazifunga moja moja, na mwisho kikabaki kidirisha kisichozidi kiganja: "Kazi hii haijahifadhiwa. Niihifadhi kabla ya kuendelea?" Ndiyo, au hapana.

Ndugu zangu, ni hivyo tu! Akabonyeza ndiyo. Printa ikakohoa, karatasi zikaanza kutoka.

Mama akauliza, "Hilo swali lilikuja lini?"

"Palepale ulipomaliza kusimulia. Nililiona, mama. Nikalisukuma."

"Kwa hiyo haikukukataa. Ilikuwa inakungoja."

"Ndiyo, mama."

"Basi muda wote huu ulikuwa unapigana na nani?"

Kijana akainama kukusanya karatasi. Naye mama hakumgombeza. Alizipokea karatasi zikiwa na joto, akaitazama picha ya mumewe kwenye ukurasa wa kwanza, kisha akasema taratibu, "Huyu alikuwa na mdogo wake waliyekosana naye. Pasaka iliyopita mdogo mtu alimtumia ujumbe: Kaka, nije tuyamalize? Mume wangu aliusoma mbele yangu. Hakukataa. Alisema tu, nitamjibu baadaye." Akazikunja karatasi, akaziweka kwenye mkoba. "Mdogo wake yuko njiani sasa hivi. Anakuja kuzika."

Akatoka.

Mbona kicheko kimekwisha? Nilisema tutafika kwenu, na tumefika.

Sisi, ndugu zangu, tunapiga magoti na kusema Mungu amenyamaza. Tunasema nyumba hii imefungwa, ndoa hii imegoma, moyo wangu umekauka, nimeomba na kufunga na hakuna kinachosogea. Tunabonyeza kwa hasira. Dhamiri ikilia ting, tunaifunga sauti kwa kazi, kwa simu, wengine hata kwa nyimbo za dini. Wengine tumeshanyoosha mkono kwenye swichi, tunataka kuizima ndoa, kuuzima undugu, na hatujiulizi ni mangapi yatapotea ambayo hakuna atakayeweza kuyasema tena. Lakini nani amekuambia Mungu amenyamaza? Mungu ameuliza! Aliuliza kupitia mdomo wa mkeo. Aliuliza kupitia ujumbe wa ndugu yako. Uliliona hilo swali, ukalisukuma, ukaja kukaa hapa mbele ya Bwana na meza ya kwanza safi, shati limepigwa pasi.

Msiniambie mna mambo mengi. Najua. Hata yule kijana alikuwa nayo. Mambo mengi hayakumzuia hata kidogo, kilichomzuia ni neno moja alilodaiwa, ndiyo au hapana. Wala usiniambie kwamba hujakataa. Marehemu naye hakukataa.

Kwa hiyo leo tutafanya jambo ambalo hatujawahi kulifanya katika usharika huu. Mwalimu Ngailo, kwaya yako itaimba, na mkimaliza mtarudia tena, mpaka niseme basi. Mzee Mbwilo hapo nyuma, nakuomba ufungue milango yote miwili. Wewe mwenye swali lako meza ya nne, unalijua, huhitaji nilitaje, chukua simu yako utoke nje. Usiandae hotuba. Kama uliulizwa "nije tuyamalize?", jibu lake linajulikana.

Vikapu vya sadaka viko hapa mezani na vitabaki hapahapa. Nami sitabariki mtu mpaka wa mwisho aliyetoka awe amerudi kukaa. Nimekula asubuhi, nina nguvu za kusimama.

Kwaya, anzeni.