Gari Lililolala Gulioni

“Patupu pa mjini pana mwenyewe.” Mmeisikia kwa babu yenu leo pale stendi, mkaja mbio kuniuliza kama ni methali ya wahenga au ameitunga yeye. Ni ya kwake. Wahenga hawakuwahi kukodi gari. Ilizaliwa mbali, Istanbul, mji wa Waturuki, nami nilikuwepo, kwa hiyo msimsikilize yeye, atawapa habari nusunusu. Kaeni niwaambie ilivyokuwa.

Shangazi yenu Mwajabu, huyu anayewatuma dukani kutwa nzima, alizaliwa na tundu kwenye moyo. Alipofikia umri wa kwenda shule alikuwa hawezi kutoka mlangoni hadi bombani bila kuchuchumaa kutafuta pumzi, na kucha zake zilikuwa na rangi ya zambarau. Madaktari wa hapa walifanya walichoweza, kisha wakatuelekeza kwa bingwa mmoja wa Uturuki. Tukapangiwa Alhamisi asubuhi. Tuliambiwa wazi kwamba tukichelewa, mgonjwa mwingine ataingizwa chumba cha upasuaji na sisi tutarudi mwisho wa foleni. Foleni ile ilikuwa ndefu, na moyo wa mwanangu ulikuwa umechoka. Kila akilala nilikuwa naogopa.

Hospitali ilikuwa nje ya mji, na chumba tulichopanga kilikuwa ndani kabisa, kwenye mitaa ya zamani. Babu yenu akakataa mabasi, akasema mtoto atakosa hewa katikati ya watu. Akakodi gari. Mimi niliogopa, yeye akacheka. Alikuwa ameendesha malori miaka mingi kutoka Morogoro hadi Lubumbashi, na huko Kongo watu hupita kulia kama Waturuki. “Kigari hiki nakitia mfukoni,” alisema. Na kweli, kuendesha aliendesha vizuri. Sifa yake simnyimi.

Kazi ilikuja jioni ya Jumatano, kutafuta pa kulilaza gari. Mitaa ya kule ni myembamba, na magari yamebanana kandokando kama ndizi kwenye chane. Tulizunguka mpaka Mwajabu akaanza kulia. Kisha tukakata kona, tukaona mtaa mpana, mtupu, hauna gari hata moja, na chumba chetu kiko pale pale jirani. Babu yenu uso ulimng’aa. Dereva wa lori akiona uwazi wa namna hiyo, ambamo kesho yake atatoka bila kupiga rivasi, huona amefika peponi.

“Mama Mwajabu, unaona? Mungu ametuwekea.”

“Mbona wenyeji hawajapaona?” nilimuuliza.

“Wenyeji hawajui kutafuta.”

Dirishani juu yetu alikuwepo mama mmoja mtu mzima, kajifunga kitambaa cha maua kichwani. Alituita, akapunga mikono, akaonyesha gari, akaonyesha mtaa. Ingekuwa ile njia ya Kongo, babu yenu angemwendea. Dereva mwenye akili halazi lori mahali bila kumsalimia mama wa chai na kujitambulisha kwa mlinzi. Hiyo ndiyo bima yake ya kwanza. Lakini hapa hakuwa na lugha, na mwanamume yule hapendi kuonekana hajui. Aliinamisha kichwa, akafunga milango, akambeba mtoto.

“Twende zetu,” alisema. “Tutaongea naye nini?”

Asubuhi alitangulia kushuka na funguo. Hakukawia. Alirudi uso umempauka.

“Gari limemezwa,” akasema.

Nilidhani limeibwa. Nikamweka Mwajabu begani, nikashuka. Mtaa ule mtupu ulikuwa umegeuka gulio. Kumbe kila Alhamisi wachuuzi hushuka hapo na mali zao kabla ya jua, na wenyeji, kwa kuwa wanalijua hilo, huondoa magari yao tangu Jumatano. Maturubai yalikuwa yameufunika mtaa kutoka mwanzo hadi mwisho, kamba zimepita kutoka ukuta hadi ukuta. Katikati ndipo lilipokuwa gari letu, kushoto makreti ya nyanya, kulia mapipa ya zeituni, na kamba mbili zimefungwa kwenye vioo vyake vya ubavuni. Mzee mmoja mwenye masharubu alikuwa ametandika kitambaa safi juu ya boneti, na juu yake amepanga bilinganya kwa ustadi mkubwa. Hakuwa na ubaya. Gari lilikuwa limekaa mahali pa meza yake, basi akalifanya meza.

Niliwaza teksi. Lakini mitaa yote ya jirani ilikuwa imefungwa na watu wamejaa tele. Kupenya na mtoto hadi barabara kuu, halafu ndipo tuanze kutafuta teksi bila lugha, saa ya daktari ingekuwa imekwisha pita. Mwajabu alikuwa anahema kifuani kwangu, kidogo kidogo. Nikasema moyoni, tumekuja mpaka huku kumpoteza mtoto kwa ajili ya bilinganya.

Babu yenu alilipuka. “Toeni vitu vyenu! Mtoto wangu anakufa!”

Yule mwenye masharubu akamjibu kwa Kituruki, kwa sauti ile ile, huku anaonyesha ardhi chini ya magurudumu. Maneno sikuyajua, ila maana niliipata. Hapa ni pangu.

“Baba Mwajabu,” nikamshika mkono, “umesalimia?”

“Niwasalimie watu waliolifunga gari langu?”

“Wao wamelifunga, au wewe umelilaza kitandani kwao? Ingekuwa Tunduma, kwenye malori yako, ungeanza na nini?”

Akamtazama mtoto mikononi mwangu. Nilimwonea huruma, maana hasira ile yote ilikuwa ni hofu tu. Akawageukia, akaweka mkono kifuani.

“Asalaam aleikum.”

Kelele zikakatika. Mwenye masharubu akamtazama, kisha naye akaweka mkono kifuani.

“Aleikum salaam.”

Akaitikia wa zeituni, akaitikia na wa nyanya. Babu yenu hakuwa na neno jingine la kuwapa. Aliuchukua mkono wa Mwajabu, akawaonyesha zile kucha. Kisha akagonga kifua cha mtoto taratibu kwa kidole, mara moja, mara mbili, halafu kidole akakisimamisha, akawatazama. Yule mzee aliziangalia kucha, akaiangalia midomo ya mtoto, akakivuta kile kitambaa chake, bilinganya zote zikaanguka chini. Hata hakuziangalia. Aligeuka akapaza sauti, akiwaita wenzake kwa majina hadi mwisho wa mtaa.

Wanangu, sijapata kuona kitu kama kile. Kamba zilifunguliwa, turubai moja baada ya jingine likashuka, na jua likaingia mtaani kipande kwa kipande. Makreti yalipita mkono kwa mkono juu ya vichwa vya watu. Vijana waliyabingirisha yale mapipa ya zeituni. Yule mama wa dirishani alishuka na kandambili, akabeba kreti la pilipili begani, na muda wote alikuwa anamfokea babu yenu. Nadhani alikuwa anamwambia, si nilikukataza jana? Babu yenu aliitikia kila neno kwa kichwa, mpole kama mkwe mpya.

Njia ilipopatikana, yule mwenye masharubu hakuturuhusu tuondoke peke yetu. Aliingia kiti cha mbele na aproni yake, akamwachia jirani bilinganya, akawa anaonyesha kwa mkono: kulia, kushoto, hapa kaza mwendo. Alitupitisha vichochoro ambavyo hata baiskeli ingefikiria mara mbili. Jina lake alitutajia njiani, Rifat. Tulifika wauguzi wakiwa wameshaanza kumwandaa mgonjwa mwingine. Waliponiona na mtoto mikononi wakatupokea pale pale, wakamchukua.

Tulikaa kwenye benchi. Nilimwonyesha Rifat kwa mikono kwamba sasa aende kwenye biashara yake, gulio lisimwishie. Akatikisa kichwa, akakaa kati yetu na ukuta, tasbihi mkononi, aproni bado imemning’inia shingoni. Tangu tushuke kwenye ndege, mji ule wote ulikuwa mtupu kwangu. Nilikuwa nauona umejaa majumba na magari, lakini mtu wangu hakuna hata mmoja. Nikahesabu kwamba mwanangu akifa pale, hakuna wa kunishika. Na sasa nilikuwa nimekaa kando ya mtu aliyeacha riziki yake imwagike barabarani.

Alasiri daktari alitoka, akatuita kwenye kioo cha chumba alimolazwa mtoto. Mwajabu alikuwa amelala na mipira puani, na mkono wake umelala juu ya shuka. Kucha zilikuwa za waridi. Nililia, tena kwa sauti, sikumwonea mtu haya.

Watu wa stendi huitumia methali ya babu yenu kumfukuza mtu aliyeweka meza mahali pa mwenzake. Wameijua nusu. Ni kweli, ukiona nafasi tupu penye watu wengi, jua ina mwenyewe, na kabla hujaweka chako mtafute. Lakini babu yenu hakuisema kwa kumfukuza mtu; aliisema kwa kumshukuru mtu tuliyemkuta mahali tulipodhani hatuna mtu. Alikuwa anatoka pale kwenye kioo, macho yamemvimba, akaenda akaushika mkono wa Rifat kwa mikono yake miwili. Alitafuta neno la Kituruki, hakulipata, akasema kwa lugha yake mwenyewe:

“Ndugu yangu, kumbe patupu pa mjini pana mwenyewe.”

Rifat, ambaye hakujua Kiswahili hata neno moja, alidhani ni dua. Akaufunika mkono wa babu yenu kwa wake, akajibu, “Amin.”